Omena ya Pakiti za Maziwa

Sheria ilikuwa moja tu, na Phelesia aliitamka akiwa amesimama katikati ya nyavu zake, ufagio mkononi, huku akina mama wenzake wa kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, wakisikiliza.

"Nyar Rangwe," alisema, kwa maana ndivyo walivyomwita Risper tangu ashuke kwenye boti na begi lake moja: binti wa Rangwe. "Leo ni Jumatatu. Nakupa mpaka Jumamosi. Nikiona hata unyayo mmoja wa mtoto kwenye omena ya mtu yeyote hapa, Jumamosi jioni unapanda boti unarudi kwenu. Nisipouona, tutakaa tuongee. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Sema nikusikie."

"Unyayo mmoja, narudi Rangwe."

Wanawake wakacheka. Phelesia hakucheka, na alikuwa na sababu. Wiki mbili kabla ya hapo mvua ilikuja ghafla, akina mama wakapiga kelele, na watoto waliposikia kelele wakakimbilia mama zao moja kwa moja, juu ya nyavu. Watoto saba, miguu kumi na minne. Omena iliyobakisha saa moja tu ikauke ikawa matope yenye macho. Tena aliyeongoza msafara huo alikuwa Wesley, mjukuu wa Phelesia mwenyewe, miaka minne, mtoto anayekimbia kama aliyetumwa moto.

Remba ni kisiwa kidogo, na watu wake ni wengi. Nyumba za mabati zimebanana mpaka ukingoni mwa maji, na kipande chochote kilichobaki wazi ni mawe, juu ya mawe kuna nyavu, juu ya nyavu kuna omena. Mtoto hana pa kuweka mguu. Ndiyo maana akina mama walikuwa wameomba stoo ya zamani nyuma ya kanisa, ile wanayowekea magunia, na mbele yake wakazungushia nyavu mbovu kuwa ua. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa na watoto. Benta, aliyekuwa mwanikaji kama wao, akamtaja mdogo wake, Risper.

"Ana cheti?" aliuliza Celestine, mama wa Valary, mmoja wa wale watoto saba.

"Ana macho," alijibu Benta.

Cheti Risper hakuwa nacho. Alikuwa na matokeo ya darasa la nane, yaliyokunjwa mara nne ndani ya Biblia. Kule Rangwe aliwahi kuomba kusaidia kwenye shule ya watoto wadogo, hata kufagia tu, wakamuuliza swali lile lile la Celestine, akageuka akarudi nyumbani. Sasa alikuwa amepata siku sita. Alizitaka zote sita.

Jumatatu ilikuwa mbaya. Kufikia saa nne nyimbo zote alizozijua zilikuwa zimeisha, za kanisani na za shuleni. Kufikia saa tano alikuwa amemkamata Wesley mara tatu nje ya ua, na mara ya tatu alimdaka kwa kola, mguu wa kijana ukiwa tayari hewani juu ya omena ya Celestine. Kidole gumba kilibakisha upana wa kiganja. Risper akambeba hadi ndani, akaketi mlangoni na kuziba njia kwa mwili wake.

Akaanza kutazama. Hiyo ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote. Nyumbani walimcheka kwamba anaweza kumwangalia kuku mpaka ajue atataga wapi.

Aliona kwamba watoto hawaangalii ziwa. Hawaangalii hata boti. Nyuso saba zilikuwa zimebanwa kwenye matundu ya ua, na zote ziliwatazama akina mama: wanamwaga omena, wanaitandaza, wanaigeuza kwa fagio, wanafukuza ndege, wanatukanana kidogo, wanacheka. Liz, aliyekuwa mkubwa wao kwa miaka yake mitano, alikuwa ameinua mikono na kuitembeza hewani polepole, kushoto, kulia, kama mtu anayetandaza kitu. Mikono ilikuwa mitupu.

Benta alipokuja kunywa maji, Risper akamwambia, "Hawa si watukutu. Wamenyimwa kazi."

"Kazi gani, na kuna wenye miaka mitatu hapo?"

"Yenu."

Benta akamtazama kama anayemtazama mtu aliyepigwa na jua. "Kunywa na wewe maji," akamwambia.

Jioni ile jua likiwa bado juu ya maji, Risper alienda dukani kwa Mochama, Mkisii aliyeuzia kisiwa kizima maziwa na mkate.

"Nataka pakiti za maziwa."

"Ngapi?"

"Zote. Lakini tupu."

Mochama akaacha kufuta kaunta. "Dada, nimekaa kisiwa hiki miaka tisa. Watu wameniomba mkopo, wameniomba chumvi, mmoja aliniomba dada yangu. Takataka hajawahi kuniomba mtu."

"Zile unazotupa nyuma. Na za kwenye hoteli za chai pia, ukinisaidia kuwaambia."

"Za nini?"

"Zina rangi ya fedha kwa ndani," Risper alisema, maana hata yeye mwenyewe alikuwa bado hana hakika ni za nini.

Kutoka hapo akapitia kwa Obare, fundi wa nyavu, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo akishona. Akamwomba kipande cha wavu kisicho na kazi, upana wa kitanda.

"Unaenda kuvua?" Obare aliuliza.

"Kuanika, baba."

"Kuanika nini?"

"Kesho nitakuambia kama imetokea."

Jumanne asubuhi pakiti zilikuwa zimeoshwa kwa sabuni, zimepasuliwa na kukaushwa. Mwanzoni Risper alikosea. Alikata samaki kamili, wa kupendeza, mwenye mapezi na mkia, akawaambia watoto wakate kama yule. Mkasi ulikuwa mmoja na ulikuwa wa Benta wa kushonea. Risper hakumwachia mtoto yeyote, kwa hiyo saba wakabaki wanamtazama mmoja akifurahia. Wesley alianza kuangalia mlango. Miguu yake ilikuwa inapata moto tena.

Risper akatupa yule samaki mzuri pembeni. Akakata vipande vyembamba, urefu wa kidole, vingi, bila mapambo, akavimwaga katikati yao. Akachukua kimoja, akakunja, akasokota karibu na mwisho, akaachia. Mwisho ukafunguka wenyewe ukawa mkia. Akatoboa jicho kwa kijiti cha ufagio.

"Kunja, sokota, achia," akasema.

Valary, aliyekuwa amelia Jumatatu nzima kwa sauti ile ile kama redio iliyokwama, akachukua kipande. Akakunja vibaya. Akasokota. Akaachia, na mkia ukafunguka mbele ya pua yake. Akaacha kulia. Akamgeuza yule samaki kwenye mwanga, akang'aa, akamgeuza tena.

"Omena," alisema. Ndilo neno la kwanza Risper kumsikia akisema. La pili lilikuwa, "Ingine."

Basi wakaanza. Risper akawa anakata na bado vipande haviwatoshi. Kunja, sokota, achia. Wadogo wakisokota, Liz akitoboa macho, Wesley akipiga hesabu anayoijua mwenyewe: moja, mbili, tano, mia. Kufikia saa sita kulikuwa na rundo la omena inayometa katikati ya ua, na Risper hakuwa ameinuka hata mara moja kumfuata mtu. Ndipo Liz, bila kuambiwa, akachota mikono miwili iliyojaa, akaenda kwenye kile kipande cha wavu cha Obare, akaimwaga, akaitandaza. Kushoto, kulia. Safari hii mikono ilikuwa na kitu.

Wenzake wakamfuata mbio. Wesley akanyakua ufagio wa stoo na kujipa kazi ya kufukuza ndege, na kweli walikuwepo wawili, walioshuka kuangalia kitu gani kile kinachong'aa hivyo. Alipowatimua alirudi amefura kifua.

"Mtu asikanyage omena yangu," akatangaza, mkono kiunoni. Sauti ilikuwa ya bibi yake kabisa. Risper alilazimika kugeuka aangalie ukuta.

Jumatano aliamka mapema, akapita ufukweni peke yake akiokota ndara za mpira zilizoletwa na mawimbi, zisizo na mikanda, za kushoto bila za kulia. Obare akamkatia ncha kwa kisu chake kikali ili ziwe na pua kama boti. Kijiti cha ufagio kikawa mlingoti, kipande cha mfuko wa sukari kikawa tanga, na mbele kamba ya kuvutia. Ziwa lao lilikuwa vumbi la uani. Boti ziliondoka tupu kutoka kwenye mlango wa stoo, zikarudi zimepakia omena kwenye vifuniko vya sufuria, zikapokelewa kwa kelele. Kila boti ilipewa jina, kama ilivyo desturi ya ufukweni. Ya Wesley iliitwa Simba wa Remba. Ya Valary iliitwa Ingine.

Saa sita Celestine akaja na bakuli la ugali kumwita Valary akale. Akasimama nje ya ua akinyoosha mkono.

"Njoo, mama, ugali unapoa."

"Omena yangu haijakauka," Valary akasema, na akaendelea kugeuza.

Celestine alimtazama mtoto wake, akamtazama Risper, akazitazama zile ndara. "Shule ya takataka," alisema. Lakini hakuondoka upesi, na alipoondoka aliuacha ugali pale pale kwenye bakuli. Alasiri alituma mfuko wa pakiti kutoka nyumbani kwake, zimeoshwa.

Ijumaa mnunuzi mmoja kutoka Ntimaru, kule bara, mzee aitwaye Gisiri, alikuwa anazunguka kisiwani akitafuta omena ya kupeleka kwao. Macho yake yalikuwa yamechoka, na miwani yake aliiweka mfukoni kwa sababu ya upepo. Alipopita nyuma ya kanisa akaona kitu kimemeta kuliko vyote alivyoona tangu asubuhi. Akainama juu ya ua.

"Hii imekauka vizuri. Ni ya nani?"

"Yetu," Liz alisema.

"Karai moja mnauzaje?"

"Haijakauka," Liz alimjibu, akiwa na shughuli. "Rudi Jumatatu."

"Mimi naona imekauka."

"Wewe ndiye unaanika?"

Gisiri akavaa miwani. Akaitazama upya. Kisha akaanza kucheka, akashika ua ili asianguke, akaenda akicheka mpaka kwenye nyavu za akina mama, na hadithi ikafika huko kabla yake. Phelesia peke yake hakucheka.

"Jua likiwaka kila mtoto ni malaika," alisema. "Mimi nangoja mvua."

Risper alisikia. Na alijua kwamba mama yule amesema kweli. Siku tano nyayo hazikuonekana, lakini siku tano mbingu zilikuwa safi. Ilikuwa ni mvua iliyowatoa mbio mara ile. Usiku ulikuwa hauna mwezi, na gizani ndipo omena huvuliwa kwa wingi, hivyo mzigo wa Jumamosi ungekuwa mkubwa kuliko wote. Ijumaa hiyo alikunja nguo zake na kuzirudisha begini, ili kama ni kuondoka aondoke bila kuchelewesha watu.

Jumamosi boti ziliingia asubuhi zimelala majini kwa uzito. Akina mama walimwaga mpaka mawe yakaisha, nyavu zikagusana, njia ya kupita ikabaki ya mguu mmoja. Saa nane mchana omena ilikuwa imebakiza kidogo tu ikauke. Saa nane na nusu upepo ukageuka.

Risper aliuona kwanza kwenye maji. Rangi ilihama kutoka kijani hadi kijivu, na mstari mweupe ukaanza kutembea kuja kisiwani. Kisha mtu huko chini akapaza sauti, "Koth biro," na sauti kumi zikaipokea: mvua inakuja, mvua, mvua, leta magunia, shika huku, kimbia.

Ni kelele zile zile. Risper aliruka akafika mlangoni, akapanua miguu, akanyoosha mikono huku na huku kama golikipa. Alijua atamshika Wesley. Pengine na Liz. Wengine watano watapita chini ya kwapa zake, na mbele yao, hatua kumi, kulikuwa na omena ya kisiwa kizima. Akakaza meno akangoja kugongwa.

Hakugongwa.

Alingoja tena. Tone la kwanza likampiga paji la uso. Nyuma yake akasikia sauti ya Liz, kali, ya mtu mzima:

"Shika pembe. Wewe pembe ile. Valary, toka katikati, unakanyaga mali."

Akageuka polepole, kana kwamba akifanya haraka angeharibu. Hakuna mtoto aliyekuwa anaangalia mlango. Wanne walikuwa wameshika pembe za kile kipande cha wavu, wawili wanaokota zilizorushwa na upepo, na Wesley, mdomo wazi, anavuta Simba wa Remba na boti nyingine sita kuziingiza stoo kabla mawimbi hayajapanda. Nao walikuwa na omena ya kuokoa. Walikuwa na haraka kuliko mtu yeyote Remba.

"Inueni pamoja," Risper alisema. "Moja, mbili..."

Kabla ya tatu mlango ukasukumwa. Phelesia aliingia mbio, viatu vya gambuti miguuni, leso imemfunika uso kwa upepo, akiyaendea magunia stooni kwa njia ya mkato. Gambuti la kushoto likatua katikati ya wavu. Pembe nne zikakwama. Omena ikalia chini ya soli kama majani makavu.

"Dani," Wesley akamwita bibi yake.

"Nipishe, magunia."

"Dani, uko juu ya omena."

Phelesia akatazama chini. Watoto saba walikuwa wamesimama wanamtazama, matone yakiwadondoka puani. Wesley akaachia kamba za boti, akaweka mkono kiunoni.

"Unyayo wa nani huo?"

Nje wanawake walikuwa wanaita magunia. Phelesia akainua mguu. Chini ya kisigino kulikuwa na omena moja imegandama, imebonyea. Akaibandua, akaifuta kwenye leso, akampa mjukuu wake kwa mikono miwili.

"Wangu, baba. Nisamehe." Kisha akamgeukia Liz. "Nipitie wapi, mama, nifikie magunia?"

"Pembeni pembeni," Liz alisema. "Na utoe viatu."

Phelesia akavua gambuti, moja, la pili, na akaenda kwa ncha za vidole akiambaa na ukuta. Akatoka na magunia begani, miguu mitupu, bila kugusa chochote.

Mvua ilinyesha nusu saa na kuondoka kama ilivyokuja. Omena yote ilikuwa ndani ya magunia, ya kwenye mawe na ya uani. Phelesia hakupumzika. Alienda kwenye nyavu, akazipita moja moja ameinama, akitafuta mabaki yaliyopondwa, kutoka ya Celestine mpaka ya Benta, na kila alipoinama zaidi Risper aliyekuwa mlangoni alishika nguzo. Kule gatini boti ya Mbita, ile ya kumrudisha kwao, ilikuwa imewasha injini.

Mwishowe Phelesia akarudi, na akina mama nyuma yake.

"Unyayo nimeuona," alisema. "Leo, mmoja. Wa gambuti namba nane."

"Basi wewe ndiye upande boti, mama," Celestine akasema. "Begi tukuletee?"

Wakaangua kicheko, na safari hii Phelesia alicheka nao, mpaka akaketi kwenye jiwe. Alipopata pumzi akamwita Risper akae karibu yake, kwa maana aliahidi kwamba wataongea.

"Sisi tunafanya kazi mwezi ukiwa haupo," alimwambia. "Mwezi ukipevuka omena haivuliwi, tunapumzika, na wewe utapumzika. Mwezi ukiisha unakuja na sisi asubuhi na mapema. Sitaki mtu wa kuchelewa."

"Sitachelewa, mama."

"Na hicho kipande cha wavu ni kidogo. Wanabanana. Nitamwambia Obare."

Benta aliondoka haraka kuelekea nyumbani, na Risper aliporudi alikuta nguo zake zimeshatundikwa msumarini.

Jumatatu mchana, mtu aliyepita nyuma ya kanisa angedhani kuna ibada. Nje ya mlango wa ua kulikuwa na gambuti jozi tatu na ndara nne zimepangwa mstari, za akina mama waliokuja kuangalia watoto wao kidogo tu, na baada ya kidogo hicho walikuwa wameketi chini wanasokota mikia. Mwisho wa mstari kulikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, vya mtu mzima, vyenye vumbi la Ntimaru.

Gisiri alikuwa amechuchumaa mbele ya Liz, miwani usoni.

"Uliniambia Jumatatu."

Liz akachukua omena moja, akaikunja sikioni asikilize kama inavunjika, kama wafanyavyo wakubwa. Akafikiri. Kisha akampimia kifuniko kimoja, akaongeza mbili juu.

"Sasa imekauka," akasema.